Siku Niliyoombea Sheria ya Maziwa

Kuna mitungi miwili ya plastiki nyuma ya mlango wangu wa jikoni. Zamani ilikuwa ya manjano, sasa ina rangi ya meno ya mzee mvuta tumbaku. Si yangu. Wajukuu wangu wameniomba mara nyingi niitupe. Yule wa kwanza, aliyemaliza chuo kikuu, na hilo nitalisema hata kama hamkuniuliza kwa sababu ni maziwa yangu yaliyomsomesha, aliwahi kuibeba mpaka langoni amuuzie mnunuzi wa plastiki kuukuu. Nilimkimbilia nikiwa na ndara mguu mmoja. Nikairudisha mahali pake. Upepo wa alfajiri ukipita chini ya mlango, ile mitungi hugongana, ko, ko, ko, polepole, kama ilivyokuwa ikigongana mgongoni mwa mwenyewe akija kuniamsha twende Kinoo. Nikiwa bado na usingizi huwa namjibu. Nasema, "Nakuja, ngoja nifunge kilemba." Halafu nakumbuka.

Haya nayaandika kwa mkono wangu. Nilifika darasa la tatu, nikatolewa nikachunge ng'ombe ili kaka zangu wasome, na hao kaka leo ndio wananiuliza mimi habari za dunia. Mkikuta maneno yamelala upande, yaacheni yalale.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili mimi na huyo mwenye mitungi tulikuwa tukiuza maziwa mabichi. Maziwa mabichi ni yale yanayotoka kwa ng'ombe yakaja kwako bila kupitia kiwandani. Tulikuwa tunakaa Kabiria, Nairobi, nyumba za mabati, ukuta mmoja katikati yetu. Akikohoa mimi nasikia, nikikohoa yeye anauliza kama nimekunywa dawa. Alikuwa mjane kama mimi, ana binti mmoja aliyeolewa kule Kinangop kwenye baridi. Yeye alikuwa amesoma kunizidi, alifika kidato cha pili, Kiingereza alikisoma kama mtu anayesoma bei sokoni. Lakini hakuwa na maringo. Maringo yalikuwa yangu. Aliniita Malkia.

Tulikuwa tunapanda Kinoo kwa miguu gizagiza, tunapita kwa wenye ng'ombe wawili watatu, tunapima. Unadondosha tone juu ya ukucha wa kidole gumba. Likisimama, hayo ni maziwa. Likikimbia, mwenye ng'ombe amekutana na mfereji. Yeye hakuwa anabishana na mkulima. Alikuwa anamwonyesha ukucha tu, anamtazama, mpaka mtu mzima anaanza kuapa kwa watoto wake. Kisha tunarudi na mitungi imejaa, pikapu ya mkulima mmoja inatushusha njiani, yeye anauza Kabiria na Kawangware, mimi nauza Kabiria, na siku tatu kwa wiki napeleka Spring Valley.

Spring Valley nilikuwa na mama mmoja Mhindi, mzee kuliko mimi, wa sari nyeupe kwa sababu alikuwa amefiwa na mume. Hakutaka maziwa ya pakiti hata uyalete bure. Alitaka mabichi ya kutengenezea samli na mtindi wake. Aliniita Mama Maziwa. Alikuwa ananisubiri kwenye mlango wa jikoni na sufuria, anatia kidole, anaonja, ananikazia macho.

"Leo iko nyepesi. Wewe natia maji?"

"Mama, ng'ombe amekunywa mvua."

"Ng'ombe nakunywa mvua, mimi nalipa mvua?"

Tunacheka. Kila siku maneno ni hayo hayo, na kila siku anachukua yote.

Alikuwa na mtoto wake wa kiume, mtu mzima, mvi zimeanza juu ya masikio. Alikuwa na kiwanda cha kutengeneza pakiti, zile za karatasi ngumu wanazotilia maziwa. Mtu wa adabu. Akinikuta kwenye ngazi ananibebea mtungi mwenyewe, na shati lake jeupe. Nasema hivi ili mjue kwamba aliyenipeleka pale hakuwa na pembe.

Asubuhi moja akaniambia, "Mama Maziwa, kuna mkutano mjini. Serikali inataka kutengeneza sheria ya maziwa. Wenye viwanda watakuwa, wakulima watakuwa, wakubwa wa wizara watakuwa. Wauzaji wadogo hawana mtu. Mimi nimesema namjua mama mmoja msafi, mtu wa heshima."

Mama msafi, mtu wa heshima. Hayo maneno niliyabeba kutoka Spring Valley mpaka Kabiria na mtungi mtupu kichwani, na sikuhisi jua.

Nilimwambia mwenzangu. Alikuwa anasugua mitungi yake kwa mchanga na majani.

"Sheria gani?" akauliza.

"Ya maziwa."

"Ya maziwa inasema nini?"

"Inataka kutupatia karatasi. Ile leseni. Tuache kukimbizwa."

"Yeye ndiye alisema hivyo?"

Hakuwa amesema. Mimi ndiye nilijisemea. Lakini mdomo ulikuwa umeshafunguka na mimi si mtu wa kurudisha neno.

"Malkia," akasema, "huyo mtu anatengeneza pakiti. Maziwa yetu yanabebwa na mtungi. Sasa kaa chini ufikirie, yeye anakupeleka kufanya nini?"

"Wivu ni kitu mbaya," nikamwambia. "Ungekuwa ni wewe umeitwa ungeshakuwa umepiga pasi."

Akacheka. "Nenda, Malkia. Lakini kabla ya kuandika jina lako, uliza ni karatasi ya nani."

Nilivaa suti yangu ya kanisa, ile ya rangi ya damu ya mzee, na kofia. Mkutano ulikuwa katika hoteli kubwa katikati ya jiji, ukumbi wenye zulia ambalo mguu unazama kama kwenye matope. Mlangoni kuna meza, kuna msichana, kuna karatasi yenye mistari. "Mama, andika jina hapa." Niulize ni karatasi ya nani? Nilikuwa nimeshika kalamu mbele ya watu waliosoma. Niliandika jina langu la ubatizo, la baba na la mume, nikapita mstari nikaingia kwa jirani. Msichana akanibandika kibandiko kifuani. Nikamuuliza kimeandikwa nini. Akasema, "Mwakilishi wa wauzaji wa maziwa mabichi." Nikakinyoosha kisikunjike.

Ndani nikaona jinsi nchi inavyotawaliwa, na nitawaambia, kwa sababu nyinyi mnafikiri ni kwa kura. Wenye viwanda walikuwa wanawajua wakubwa wa serikali kwa majina ya utani. Walishikana mikono ile ya kugongana mabega. Mmoja alimuuliza afisa habari ya goti lake. Mwingine alikuwa amebeba faili mbili zinazofanana, akampa afisa moja akabaki na nyingine, na afisa hakuifungua, akaiweka mbele yake kama mtu aliyeshaisoma. Chai ilikuwa inapita, na ilikuwa na maziwa ya pakiti. Nilionja nikajua. Mimi nilikaa meza ya nyuma na mkulima mmoja kutoka Limuru aliyekuwa analala. Hakuna aliyeniuliza goti.

Sasa nyinyi mnajua mikutano ya Kenya. Hata ya kugawana mali ya wizi inafunguliwa kwa maombi. Mwenyekiti akasimama akatafuta macho. Mwenye pakiti akamnong'oneza kitu, halafu akaja mpaka kwenye meza yangu, akainama.

"Mama Maziwa, wewe ndiye mkubwa wetu hapa. Tuombee. Ombea serikali hekima, na ombea hii sheria ipite vizuri."

Mimi kwa maombi sina mpinzani. Kanisani kwetu nikisimama, mchungaji anakaa. Nilivua kofia kwa heshima ya ule ukumbi, nikafumba macho, nikapaza sauti ikafika jikoni kwa wapishi. Nilimshukuru Mungu kwa ng'ombe na kwa majani. Nilimshukuru kwa serikali yetu na kwa wenye viwanda. Nikasema: "Bwana, hii sheria iliyoletwa mbele yako leo, uibariki, uipitishe salama, isipate pingamizi, nasi watu wako wadogo tutaipokea kwa shangwe." Nilisikia utamu wa hayo maneno nikiyasema. Wakubwa wote wakasema amina. Ilikuwa amina nzito, ya wanaume wenye tai.

Baada ya hapo waliongea Kiingereza mpaka saa ya chakula. Kulikuwa na kuku. Nilimfungia mwenzangu paja moja kwenye karatasi laini, nikaliingiza kwenye mkoba. Alilila jioni tukiwa tumekaa kwenye kizingiti. Alinyonya mfupa, akasema, "Kuku wa serikali ana chumvi kidogo."

Hayo ndiyo karibu maneno ya mwisho ya mzaha niliyoyasikia kwake.

Miezi ilipita. Kwanza kukawa na mabango. Picha ya mtoto ameshika tumbo, na mtungi wa manjano kama wetu umepigwa alama ya mkasi, ile X ya kukataza. Redioni kukawa na sauti ya daktari, sijui ni daktari wa wapi, anasema maziwa ya mtungi ni sumu. Mimi nauliza, nani Nairobi anakunywa maziwa bila kuchemsha? Hata mwehu anachemsha. Chai yetu inapikwa na maziwa mpaka inapanda inaita jirani. Lakini bango halijibiwi. Halafu asubuhi moja kukawa na askari na maafisa barabarani, pale tunaposhukia kutoka Kinoo, karibu na Waiyaki Way.

Siku hiyo mimi sikuwa. Nilikuwa na mafua. Yeye alikwenda peke yake.

Nilisikia kwa waliokuwepo. Walishusha mitungi yote, ya kila mtu, wakaipanga kando ya lami, wakaanza kumwaga. Maziwa yalikwenda na mtaro. Ulikuwa mtaro mweusi wa mafuta ya magari, na ukawa mweupe, na mvuke ukitoka kwa sababu maziwa yalikuwa bado na joto la ng'ombe. Wengine walilia, wengine walitukana. Yeye alikwenda kupiga magoti kwenye mtaro, akaanza kuchota kwa viganja akirudisha mtungini, na uchafu wake. Askari mmoja akamwambia, "Mama, toka hapo, unajiaibisha." Akamjibu, "Si mimi."

Kwetu nyanya yangu alikuwa akimwaga maziwa chini. Tone dogo, alfajiri, kabla mtu hajaonja, la waliotangulia. Nilikuwa mtoto, nikimuuliza kwa nini anapoteza, ananiambia, "Sipotezi. Maziwa yaliyo chini ni ya waliokufa. Ya walio hai yako kwenye kibuyu." Tangu niambiwe habari ya ule mtaro, nimejiuliza maafisa walikuwa wanatuhesabu sisi ni kina nani.

Mwenzangu alifika kwangu karibu saa nne. Magoti ya rinda yalikuwa yamekauka meusi. Kwenye mkono alikuwa na karatasi, nakala ya mashine, imelowa pembeni na inanuka maziwa yaliyoanza kulala. Alisema amebishana na afisa, amemuuliza ni nani alikubali sheria kama hii, na afisa akamtolea hiyo kwenye faili. "Nyinyi wenyewe. Jina la mwenzenu ndilo hili."

Alikaa kitandani pangu. Akasoma kwa Kiingereza, akageuza kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, sauti yake haikupanda.

"Mkutano ulifunguliwa kwa maombi na mwakilishi wa wauzaji wa maziwa mabichi. Aliishukuru serikali na wenye viwanda. Aliomba sheria ya kuzuia uuzaji wa maziwa mabichi ipite bila pingamizi. Alisema wauzaji wadogo wataipokea kwa furaha."

Chini kulikuwa na ile karatasi ya mistari. Jina langu, lote, la ubatizo na la baba na la mume, limeingia mpaka kwenye mstari wa jirani.

"Sikukubali," nikamwambia. "Ilikuwa ni maombi."

"Najua."

"Sikujua ni sheria gani."

"Najua, Malkia. Ungeuliza."

Ningependa kuandika kwamba nilimwomba msamaha. Hapo ndipo ningemwomba. Badala yake nilimwambia kwamba yeye ananionea wivu tangu zamani, na kwamba ni yeye aliyekula paja la kuku. Nilisema hivyo. Mtu aliyetoka kupiga magoti kwenye mtaro, nilimwambia habari ya paja la kuku.

Alinyanyuka. Alikwenda kwake, akarudi na ile mitungi miwili, ameiosha. Akaiweka nyuma ya mlango wangu. "Shika," akasema. "Wewe ndiye mwakilishi." Kesho yake nilisikia upande wa pili wa ukuta hauna mtu. Alikuwa ameondoka kwenda kwa binti yake Kinangop, na mwenye nyumba akaweka fundi wa viatu.

Spring Valley nilikwenda kumkabili mwenye pakiti. Nilimkuta kwenye ngazi zilezile. Nilimwambia amenitumia. Hakukasirika. Alitazama viatu vyake.

"Mama Maziwa, mimi sikukudanganya. Nilisema sheria. Wewe hukuuliza sheria gani."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, ungeomba?"

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria. Nilipofika langoni alimtuma mfanyakazi akanirudisha kwa mlango wa nyuma. "Wewe naleta hapa," akaniambia polepole. "Asubuhi, yeye iko kazini. Mimi siwezi tengeneza samli na makaratasi ya mtoto yangu." Basi miaka iliyofuata nilimletea maziwa mabichi chini ya sukuma wiki kwenye kiondo, katika nyumba ya mtu aliyeyapiga marufuku. Alikuwa hasemi tena kwamba ni mepesi. Ule mchezo ulikuwa umekufa.

Nikaacha kuomba kwa sauti. Kanisani mchungaji akinipa nafasi nasema koo linauma. Nikifumba macho nasikia ile amina ya wenye tai, nzito, kama mlango wa gari la bei kali ukifungwa.

Serikali ilipobadilika na watu wakaanza kuthubutu, wanawake wa maziwa walianza kukutana Kabiria, chini ya turubai la mama mmoja muuza mboga. Mwanasheria mmoja msichana alikuwa anakuja kutufundisha jinsi ya kuandika barua kwa wizara, jinsi ya kumwona mbunge, jinsi ya kuwapikia chai maafisa kwa maziwa yetu ili waionje. Ni yale yale niliyoyaona hotelini, ila sisi hatukuwa na zulia. Tulijifunza na sisi kuuliza watu magoti yao.

Na kila kikao ilikuwa lazima wamtaje mwakilishi. Hawakumjua. Walijua tu kwamba kuna mama aliyetuuza hotelini.

"Huyo nikimpata," alikuwa anasema mmoja, mnene, wa Kawangware, "nitamwogesha na maziwa yaliyooza, nimsugue mpaka masikio."

"Na alilipwa nini?"

"Watu kama hao hulipwa kuku tu."

Wanacheka. Mimi nami nacheka. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nimevaa ile kofia, na nilicheka. Ningeweza kukaa kimya mpaka kaburini. Jina langu la kanisani hawakulijua, wote waliniita Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu. Lakini ilikuwa kila alfajiri mitungi inagongana, na nilikuwa nimejiwekea moyoni kitu kimoja: sheria hii iondoke, niende Kinangop, nimwambie arudi. Bila hiyo sheria kuondoka, ningemrudishia nini?

Tukaitwa mkutano. Hoteli ileile, naapa, hata zulia lilelile, limechakaa mlangoni. Safari hii tulikuwa wengi, na leso zetu, tukajaza meza za mbele. Mwanasheria alisimama akasema wauzaji hawakuwahi kuulizwa. Mtu wa viwanda akafungua faili. Nilijua anatoa nini kabla hajaitoa.

"Waliulizwa," akasema. "Mwakilishi wao alikuwepo. Si kuwepo tu, aliomba sheria ipite. Imeandikwa."

Ukumbi ukavuma. Yule mnene wa Kawangware akapiga meza. Mwenyekiti akainua mikono watu watulie, na kwa sababu yeye naye ni Mkenya, akatafuta macho ya mtu mzima wa kutuliza mambo. Yakanifikia mimi.

"Cucu," akasema, "hebu simama utuombee kwanza, roho zishuke."

Nikasimama.

"Leo siombi," nikasema. "Niliomba hapa zamani. Hiyo karatasi unayoshika, jina la kwanza chini ni langu, na limepita mstari. Niliambiwa nibariki sheria nikabariki, kwa sababu niliitwa mtu wa heshima, na sikuuliza sheria gani. Sikujua. Hawa mama hawakunituma. Hawakuniita. Hakuna aliyekubali. Kulikuwa na mwanamke mmoja mjinga, na kuku."

Halafu nikasema habari ya mtaro, na ya yule aliyechota kwa viganja. Sikulia. Nilitaka wasikie vizuri.

Nilipokaa hapakuwa na amina. Wenzangu hawakunitazama. Yule mnene alikuwa amekaza taya, na nikangojea kuogeshwa. Akasukuma glasi yake ya maji mpaka mbele yangu, bila kugeuka. "Kunywa, Cucu," akasema. "Umekauka."

Sheria haikuanguka siku hiyo. Sheria haianguki, inachoka. Walikwenda, wakarudi, wakaandika nyingine, na hatimaye tukaruhusiwa: ufunzwe, upimwe, upewe leseni, na ubebe maziwa kwa mtungi wa chuma, si wa plastiki. Nilikuwa katika kundi la kwanza kufunzwa. Cheti changu kipo ukutani, na wageni nawaonyesha hata wakiwa na haraka.

Siku nilipopata leseni sikuiweka mkobani, niliibeba mkononi. Nilijaza mtungi mpya wa chuma maziwa ya Kinoo, nikayapima kwenye ukucha, na nikasafiri Kinangop kumwambia arudi. Nilikuwa nimepanga maneno yote. La kwanza lilikuwa la paja la kuku.

Binti yake alikuwa anapalilia viazi. Aliniona, akaona mtungi, akakaa chini pale pale shambani.

Alikuwa amezikwa wakati wa baridi, mwaka uliopita. Kifua. Walikuwa hawajui waniandikie wapi, na pengine walijua. Nilimuuliza kama aliwahi kunitaja. Binti akafikiri, na namshukuru kwamba hakuniongopea.

"Alikuwa akiamka alfajiri," akasema. "Hata alipokuwa mgonjwa. Anafunga kilemba, anakaa kwenye kizingiti. Nikimuuliza anasema, Malkia bado anavaa."

Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, udongo bado umevimba. Nilipiga magoti, nikafungua mfuniko. Nilikuwa nimekumbuka nyanya yangu. Nilikuwa nimeinamisha mtungi, na tayari maziwa yamefika mdomoni, binti akanishika mkono kwa nguvu.

"Usimwage, Cucu. Tafadhali. Aliona mengi yakimwagwa."

Tukayaingiza ndani. Akayachemsha yakapanda, akatia majani, akamimina vikombe vitatu, sijui kwa nini vitatu, na mimi sikuuliza. Kisha akafumba macho akangoja. Mimi ndiye mgeni, mimi ndiye mkubwa, ilikuwa ni juu yangu kuombea chai.

Nilifungua mdomo. Upepo wa Kinangop ulikuwa unapita chini ya mlango. Aliendelea kungoja, mtoto wa watu, macho yamefumbwa, na juu ya vikombe vyote vitatu maziwa yakaanza kutanda utandu.